Feni Isiyodanganya

Kuna swali ambalo wengi wetu tunaoishi mjini tunalikwepa: ukirithi kitu cha zamani, una haki ya kukibadilisha kiasi gani? Inaweza kuwa nyumba ya nyanya, lugha ya nyumbani, hata namna ya kupika. Majibu mawili huja haraka. Wa kwanza atakwambia ya kale ni dhahabu, usiguse. Wa pili atakwambia dunia inasonga, tupa, nunua mpya. Mimi nataka kulijibu kupitia kitu kidogo sana: feni ya kupoza injini. Nimechagua feni kwa sababu mambo makubwa hutuachia nafasi ya kujificha nyuma ya maneno matamu. Injini ikichemka, imechemka. Hakuna hotuba itakayoipoza.

Gari lenyewe ni Land Rover Series IIA ya 1965, injini ya petroli ya lita 2.25, aliyotuachia marehemu baba. Anayeliendesha ni mama. Si gari la maonyesho. Mara mbili kwa wiki linabeba mboga kutoka Mai Mahiu kupanda Limuru, likijikokota nyuma ya malori kwenye ule mteremko wa Bonde la Ufa. Ukitaka kuitesa injini, mpeleke hapo: kazi nyingi, mwendo wa pole, upepo kidogo wa kupita kwenye rejeta. Na kule juu, zaidi ya mita 2,000, maji yasiyo kwenye mgandamizo huchemka karibu nyuzi 93, si 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kinachoshika mgandamizo si pambo.

Shida ilianzia kwenye dainamo. Dainamo za Lucas za enzi hizo, kama ile ya C40, hutoa ampea 22 hivi injini ikikimbia, na injini ikiwa inanguruma tu mahali pamoja, karibu hazitoi kitu. Mama akisafiri usiku na taa zimewaka, betri ilikuwa inalia. Tukakubaliana kuweka alteneta, na pamoja nayo mkanda mwembamba wa kisasa na puli zake. Hapo sote tulikuwa kitu kimoja. Ugomvi ulianza fundi alipofungua feni.

Kwenye injini hii mkanda ni mmoja. Unatoka kwenye puli ya chini ya injini, unazungusha pampu ya maji, unazungusha dainamo. Feni imefungwa kwa bolti mbele ya pampu, kwa hivyo pampu ikizunguka, feni inazunguka. Ukibadilisha ukubwa wa puli ya pampu umebadilisha kasi ya feni; ukiweka feni nzito zaidi, beringi ya pampu ndiyo itakayolipa deni. Sasa fundi alikuta ufa mwembamba kama unywele kwenye panga moja la ile feni ya chuma, karibu na ribiti. Panga likikatika kwa kasi linaweza kupasua rejeta, au mkono wa mtu.

Kakangu akasema tuichomelee. Ni feni ambayo baba aliigusa, akaipaka rangi kwa mkono wake. Halafu yeye ana ndoto ya siku moja kulisimamisha gari hili kwenye Concours d'Elegance pale Ngong, na anajua majaji huangalia chini ya boneti. Mimi nilitaka feni ya umeme. Alteneta ingetosha kuilisha, inawaka joto likipanda tu, na haitegemei kasi ya injini, kwa hivyo hata kwenye msongamano inavuta upepo ule ule. Fundi, mzee mwenye maneno machache, alikuwa na lake: feni ya plastiki yenye mapanga mengi, nyepesi, inayofungwa pale pale kwenye pampu. Ukweli usemwe, si nzuri kwa macho. Inafanana na kitu cha jikoni.

Wenye falsafa watakukumbusha meli ya Theseus: ukibadilisha kila ubao, je, ni meli ile ile? Swali zuri la chuoni. Lakini nikifikiria mafundi wa majahazi kule Lamu, naona wanaanzia kwingine. Ubao ukioza wanautoa, wanatia mwingine, wanakalafati kwa pamba na mafuta, chombo kinarudi majini. Mtu anayesafiri nacho haulizi kama ni jahazi lile lile. Anauliza kama linavuja. Swali hilo halidharau historia. Linaweka tu abiria mbele ya ubao.

Nikilitumia swali hilo kwa kakangu, naona uaminifu wake ulikuwa kwa chuma. Chuma kilichochomelewa hakirudi uzito wake sawasawa. Feni isiyo na mizani hutikisa pampu, na ule ufa unaweza kurudi kando ya weldi. Baba aliipaka rangi feni ili impoze injini, si ili tuitunze hata ikiwa hatari kwa mjane wake. Kumheshimu marehemu kwa kumhatarisha aliye hai ni heshima ya ajabu.

Lakini swali hilo hilo likanigeukia mimi, na sina budi kulifuata linakokwenda. Aliyeliuliza ni mama mwenyewe: "Na hiyo ya stima ikikufa nikiwa kwenye mlima, mimi nitajuaje?"

Fikiria vizuri. Kwenye mpango wa mkanda mmoja, mkanda ukikatika, alteneta pia inasimama, na ile taa nyekundu ya chaji inawaka usoni pa dereva papo hapo. Taa ya betri inageuka kengele ya feni bure. Wenye Volkswagen za kobe wanaijua siri hii: feni yao imekaa kwenye shafti moja na dainamo, kwa hivyo taa nyekundu maana yake simama sasa hivi. Feni ya umeme haina adabu hiyo. Fyuzi ikiungua, waya ukilegea, swichi ya joto ikikataa, taa ya chaji inabaki imezima kana kwamba mambo ni shwari. Unabaki na geji ya joto peke yake, na geji inahitaji jicho. Mama kwenye kona zile, lori mbele na matatu nyuma, jicho lake liko barabarani, na linafaa kuwa huko.

Si ati feni ya umeme ni mbaya. Kwa kijana anayekwama kila jioni kwenye foleni ya Nairobi na anayependa kuchungulia geji, huenda ndiyo bora. Ninachosema ni kwamba kila kifaa kitakufa siku moja, na unapokichagua unachagua pia namna kitakavyokufa. Kingine hufa kikipiga kelele, kingine hufa kimya. Na mara nyingi anayechagua siye atakayekuwepo. Mimi na kakangu tulikuwa tunabishana kuhusu feni huku kila mmoja anaiwazia safari ambayo hataiendesha.

Naona hili ndilo jibu la swali la urithi. Haki ya kubadilisha cha zamani haitoki kwa aliyekiacha, wala kwa anayependa mambo mapya. Inaanzia kwa yule atakayebeba mzigo siku kitakapoharibika. Muulize huyo kwanza. Akisema nyumba ya nyanya inamvujia, mapenzi yako ya paa la zamani yasubiri. Akisema ile njia ya zamani ndiyo inayomwambia ukweli, hamu yako ya kisasa isubiri vilevile.

Tulifunga ile ya plastiki. Kabla ya hapo fundi alisafisha rejeta, kwa sababu hakuna feni inayotibu rejeta iliyoziba, na matope yaliyotoka humo yalitunyamazisha sote wawili. Hatukutoboa tundu jipya hata moja. Feni ya chuma na dainamo vimepakwa grisi, vimefungwa kwenye gunia, na bolti zake ziko kwenye mkebe wenye maandishi ya kakangu. Atakayelirithi gari hili baada yetu anaweza kurudisha kila kitu Jumamosi moja, akipata feni nzima ya chuma. Yeye naye ana haki ya kuulizwa, na kwa kuwa hayupo, tumemwachia njia.

Kakangu bado anasema plastiki inatia aibu. Mama anasema haioni akiwa ndani.