Tunakaribia 50: Yule Mmoja Aliyerudi Njiani

Neno la Jumapili: Luka 17:11–19, Mambo ya Walawi 25:8–13



Hapa Ontario, mtu akifikisha miaka 50 serikali humkumbuka kwa barua. Kwa miaka mingi barua hiyo imekuwa ya namna moja: inakukaribisha upime saratani ya utumbo mpana kwa kipimo cha kinyesi, ambacho unakifanya mwenyewe nyumbani na kukirudisha kwa posta, kila baada ya miaka miwili mpaka ufike 74. Hakuna keki, hakuna wimbo. Agincourt yetu yenyewe ilianza kama posta, mwaka 1858, kwa hiyo labda inafaa habari za utu uzima zitufikie kwa bahasha. Na kabla hatujaendelea, kwa kuwa aliyetumwa na wenzake kuandika ni muuguzi: ndugu, kifanyeni kile kipimo. Msikiweke kabatini nyuma ya unga wa ugali. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Na kina mama, tangu Oktoba 2024 mnaweza kuomba wenyewe picha ya matiti kuanzia miaka 40, bila kungoja 50.

Tumo kundi zima katika kanisa letu tunaokaribia umri huo. Tulijihesabu baada ya ibada, kwa kicheko, maana wapo waliokuwa wakijificha. Tulizaliwa katikati ya miaka ya 70: wengine Tanzania ya vijiji vya Ujamaa, wengine Kenya ya Mzee Kenyatta, wengine Uganda ya Amin, wengine Zaire, nchi ambayo leo hata jina lake halipo. Wazee wa kanisa wametuomba tuandae ibada ya shukrani, na kabla yake tuandike neno hapa.

Tuanze na mwili, kwa sababu ndio tuliopewa kwanza. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, makadirio ya umri wa kuishi kwa mtoto aliyezaliwa yalikuwa chini ya miaka 50. Hiyo haikumaanisha kwamba watu wote walikufa wakiwa na arobaini na kitu. Wastani ulishushwa na watoto waliozikwa kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa surua, kuhara, malaria, pepopunda. Aliyevuka pale alikuwa na nafasi nzuri ya kuwa mzee. Maana yake kila mmoja wetu alipita mlango mwembamba akiwa mgongoni mwa mtu. Kuna aliyetembea na wewe mpaka kliniki. Kuna aliyekukorogea maji, sukari na chumvi usiku. Wengi wetu tuna kovu la chanjo ya kifua kikuu, wengine begani, wengine, hasa Wakenya, kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Watoto wetu waliozaliwa Toronto hawana, na hutuuliza ni alama ya nini. Tumekuwa tukiwajibu "chanjo" na kuendelea na shughuli zetu. Jibu refu zaidi lina jina la bibi au mama ndani yake.

Kisha ikaja miaka ya 90. Mwenye picha ya darasa lake aitoe aihesabu. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilianza kufika kwa wingi katika hospitali zetu za umma kuanzia mwaka 2004 hivi. Wenzetu wengi hawakufika 2004. Wenzetu wa Kivu wanahesabu pia vita vya 1996 na 1998. Kwa hiyo tunaposema "tunazeeka" kwa sauti ya kulalamika, wapo tuliokaa nao dawati moja ambao wangefurahi sana kulalamika hivyo.

Moyo wa mtu hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kwa miaka 50 ni karibu mapigo bilioni 1.8, na hakuna hata moja tuliloliamuru. Figo huchuja takriban lita 180 kila siku. Wenzetu ambao figo zimechoka hukaa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, ili mashine ifanye sehemu tu ya kazi hiyo. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee, na tunajua habari ya maji. Mzee akishindwa kumeza vizuri, maji yake huongezwa uzito kama uji mwepesi ili yasiingie mapafuni. Anayanywa, lakini hayakati kiu moyoni. Wapo wanaotuomba kwa macho tu: kikombe kimoja cha maji ya kawaida, ya baridi, na hatuwezi kuwapa. Tunamaliza shifti saa moja asubuhi, tunafungua chupa kituoni tukingoja basi la 85 la Sheppard, na tunakunywa huku tukisoma ujumbe kwenye simu.

Hapo ndipo Luka 17 inapotukuta. Watu kumi wenye ukoma walisimama mbali, mpakani mwa Samaria na Galilaya, wakapaza sauti. Ukoma wa Biblia huenda ulijumuisha magonjwa mengi ya ngozi, lakini ukoma tunaousoma vyuoni una tabia moja ya kutisha: huua hisia. Mgonjwa hushika sufuria ya moto asijue, msumari unamchoma mguuni na anaendelea kutembea. Kinachomharibu zaidi ni ganzi. Na ganzi hiyo ipo hata kwa wenye ngozi nzima. Baridi ya Januari ya mwaka wa kwanza tuliisikia mpaka mifupani; na radiata ikiunguruma tulisema asante kwa sauti. Sasa tuna mwaka wa kumi na tano hapa na hatuisikii tena ile radiata.

Yesu hakuwagusa wale kumi. Aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Tusiwahukumu haraka wale tisa, kama mahubiri mengi yanavyofanya. Walifanya walichoambiwa. Kwa sheria ya Walawi 14, kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kukagua na kutangaza kwamba mtu ni safi, na taratibu zake zilichukua siku nane: kunyoa, kufua, kuoga, kungoja nje ya hema, kurudi na sadaka. Bila tamko la kuhani hurudi nyumbani, huingii sokoni, humkumbatii mtoto wako. Kwa lugha yetu, walikuwa wanakwenda kufuata karatasi.

Nani kati yetu hawajui watu hao? Ndio sisi. Tulipotua Pearson, kila uponyaji ulitukuta tukiwa njiani kwenda ofisi fulani. Kibali cha kazi, kadi ya ukaaji, mtihani wa Kiingereza, kutathminiwa vyeti vya nyumbani, leseni ya uuguzi, kiapo cha uraia. Kila karatasi ilipofika tulikuwa tayari tunawaza inayofuata. Tulisema tutashukuru tukishapata uraia. Tulipopata uraia tukasema tukishapata nyumba. Kati ya hapo watoto walijifunza kusoma, mguu uliovunjika kwenye barafu ukaunga, jirani Mfilipino akatubebea mifuko mpaka ghorofa ya tisa lifti ilipoharibika.

Yule mmoja alirudi kabla ya kupata cheti. Hilo ndilo linalotushangaza tukilisoma katika umri huu. Bado kisheria alikuwa mchafu. Hakuna aliyemthibitisha. Aliona ngozi yake, akageuka. Na Luka anaongeza kwamba alikuwa Msamaria, mgeni. Pengine makuhani wa Yerusalemu wasingempokea hata angefika. Hakuwa na ofisi ya kwenda. Mgeni alijua neema kwa sababu hakuwa na pengine pa kuidai.

Wakaaji wa zamani wa mtaa huu wanakumbuka mwaka 1984, duka kubwa la Wachina, Dragon Centre, lilipofunguliwa Glen Watford Drive. Wenyeji waliitisha mkutano kulalamikia msongamano wa magari, na mengine yaliyosemwa hayakuhusu magari. Waliosemwa vile ndio waliotutangulia. Leo tunapata bamia, mihogo iliyogandishwa na majani ya matembele kwa Wachina na Watamil, tunapika tunaita "chakula cha nyumbani", na tunasahau kwamba kuna mtu alivumilia maneno ili hiyo rafu ya mboga iwepo.

Sasa tuseme jambo gumu. Tulipokaa kupanga ibada, mmoja wetu alisema yeye hatakwenda mbele kushukuru. Hakusema kwa hasira. Alikuja nchi hii akitumaini kumleta mama yake. Makaratasi yakachukua miaka, mama akafariki, na mazishi akayaangalia kwenye simu akiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, kisha akarudi wodini. Ametuuliza: "Nishukuru nini?" Baadhi yetu tulikimbilia kumjibu, na ametuachia tuseme mpaka tukaishiwa.

Tumerudi kwenye Luka na swali lake. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi. Aliuliza, na inaonekana ilimuuma. Lakini hakuna mahali imeandikwa kwamba ukoma uliwarudia. Waliendelea na safari yao wakiwa safi. Mungu hakuchukua alichotoa kwa sababu hakuambiwa asante. Kwa hiyo, dada, usiposhukuru mwaka huu hujafungiwa mlango, na hatutakusukuma. Tunaomba tu ukae katikati yetu siku hiyo, hata ukiwa kimya. Mama yako tutamtaja kwa jina pamoja na wengine waliotubeba mgongoni. Kumlilia mtu hivyo, kwa namna tunavyoelewa, tayari ni kukiri kwamba ulipewa kitu kikubwa.

Wala Mungu hakuomba tuite msiba baraka. Wanaotuambia kwamba kila kitu kimetokea kwa sababu nzuri, hasa wanaosema hivyo msibani, wangefanya vyema kunyamaza na kuosha vyombo.

Kuna habari nyingine, ya mwaka wa yubile. Walawi 25 inawaagiza Israeli wahesabu miaka saba mara saba, yaani 49, kisha tarumbeta ilie na mwaka wa 50 utakaswe. Hakuna kupanda wala kuvuna. Kila mtu airudie milki yake na jamaa yake. Yubile haikuwa tuzo ya waliofanikiwa. Aliyepoteza shamba kwa deni na aliyelipata, tarumbeta lao lilikuwa moja. Na sisi kwenye 49 tunafanya hesabu ya aina nyingine: kiwanja cha Kibaha au Kitengela chenye nyumba iliyofika usawa wa madirisha ikasimama, ada, rehani, hela za kutuma, na yule tuliyesoma naye ambaye picha zake za WhatsApp ziko Dubai. Wapo kati yetu wenye kazi mbili ambao hawajalala usiku mzima kwa wiki nzima. Agizo la kutopanda wala kuvuna tunalisoma kama hadithi ya watu wengine. Hatusemi muache kazi. Tunajua kodi ya nyumba Scarborough ni kiasi gani. Tunasema shifti moja ya ziada kwa mwezi inaweza kukataliwa, na dunia haitaanguka.

Tarumbeta lile, wengi hawalioni hili, lililia Siku ya Upatanisho. Kwanza dhambi zilishughulikiwa, ndipo sherehe. Kati yetu wapo wasiosemeshana na kaka zao kwa sababu ya ukuta wa ile ile nyumba ya Kibaha: hela zilitumwa, saruji haikuonekana. Ni vigumu kuimba sifa huku umemzuia ndugu kwenye simu. Hatulazimishi mtu asamehe deni lake kabla ya ibada, ila tumekubaliana kwamba kila mwenye jambo kama hilo atapiga simu moja, hata kama ni ya kusalimia tu.

Ibada yenyewe itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, baada ya ibada ya kawaida. Hatutashona sare wala hatutachangisha keki ya ngazi. Kila mmoja wetu atataja kitu kimoja kidogo cha wiki ile, kilichotokea kweli, wala si karatasi wala nyumba wala gari. Dakika mbili kila mtu; mzee wa kanisa atashika saa, na tunaomba wachungaji nao waitii. Watoto watakaribishwa kuuliza habari za makovu. Kina mama wameahidi pilau, na kina baba wamejitolea kupika chai na kuosha masufuria, jambo ambalo tumeliandika hapa makusudi ili liwe na mashahidi. Wanaokuja na treni, gari la kanisa litawangoja stesheni ya GO ya Agincourt. Mashine ya kupimia presha itakuwa mezani karibu na mlango, na tutapimana kabla ya pilau, si baada.