Mlowo na Kilemba cha Gunia

Asafiriye kwa njia kuu kutoka Mbeya kwenda Tunduma huupita mji wa Mlowo kabla hajafika Vwawa, na pengine asiulize jina lake. Nchi hii ya Mbozi ni ya Wanyiha, watu wa jembe tangu zamani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliupa mji stesheni. Mkoa wa Songwe ulipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yaliwekwa Vwawa. Mlowo ukabaki na soko lake, jambo ambalo si dogo kwa mji usio na cheo.

Basi tabia ya mji huu na itafutwe sokoni. Kahawa hupimwa kwa kilo. Mahindi yamezoea gunia, na gunia huweza kuvikwa kilemba: hujazwa hata mdomo usifumbike, likaongezewa kichwa kilichofumwa kwa kamba, likaitwa lumbesa. Sheria za vipimo za Tanzania zaikataza lumbesa, walakini bei huwa ni ile ile ya gunia moja.

Mnunuzi hujitetea kuwa mkulima ameridhia, wala hakushikwa mkono. Ni kweli, hakushikwa. Lakini aliyekwisha lipa nauli ya mzigo, na ada ya mtoto inamngoja shuleni, hawezi kuyarudisha mahindi nyumbani. Ridhaa ya mtu mwenye njia moja yafanana mno na kushindwa. Mnunuzi naye ana lake: akitozwa ushuru na uchukuzi kwa hesabu ya magunia, si ya kilo, hushawishika kulishindilia kila gunia. Hivyo dhuluma hushuka kutoka mkono hata mkono, mpaka imfikie asiye na wa kumtwika. Na yuko mkulima (haki itajwe yote) atiaye mchanga katika maharage.

Katika mji mkubwa mdanganyi na mdanganywa huachana wasionane tena. Mlowo si hivyo. Aliyefuma kilemba cha gunia asubuhi aweza kuketi jioni msibani, ubavuni mwa yule aliyempunja, wakachangia sanda ya jirani mmoja; na pale mchango huhesabiwa kwa sauti, shilingi kwa shilingi, mbele ya wote.