Kesho Iliyomo Ndani ya Mota

Katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, John Mbiti alitoa dai ambalo wanafalsafa wa Afrika wamelibishania tangu hapo: kwamba katika fikra za jadi wakati una sehemu mbili tu zenye uzito, alizoziita kwa Kiswahili Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali ni kama haupo, kwa kuwa wakati si kitu kingine ila matukio na matukio hayo bado hayajatukia. Hakulitoa hewani. Alizaliwa Kitui mwaka 1931, Kikamba kilikuwa lugha yake ya kwanza, na ushahidi wake mkuu ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Alizipanga nyakati zake moja baada ya nyingine, akaona kwamba zile zinazotazama mbele hufika miezi sita hivi na hazivuki miaka miwili, ilhali zinazotazama nyuma hurudi hadi tene, kule kusikohesabika. Nataka kulipima dai hilo kwa kitu ambacho wakulima na kamati za maji za Kitui na Makueni hulazimika kukichagua sasa, yaani mota ya pampu ya sola. Naamini mota hiyo inalikanusha dai la Mbiti upande mmoja, na upande mwingine inalithibitisha kwa namna inayopaswa kututia wasiwasi.

Kwanza tukielewe kitu chenyewe. Katika mota ya kawaida ya umeme wa betri, vipande viwili vya kaboni, ndivyo brashi, hukandamizwa juu ya pete ya shaba inayozunguka ili kuupeleka umeme kwenye koili. Kukandamizwa huko ndiko kunakoiendesha mota, na ndiko kunakoila: kaboni huchakaa, cheche huruka, vumbi jeusi hujaa ndani, na siku moja mota husimama hadi brashi zibadilishwe. Mota isiyo na brashi imepindua mpango huo. Sumaku za kudumu ndizo zinazozunguka, koili zimetulia pembeni, na kazi ya kugeuza mkondo wa umeme imepewa kidhibiti cha elektroniki. Wazo hilo lilielezwa na wahandisi wa Marekani mwaka 1962, na sumaku kali za neodimiamu za miaka ya 1980 zikalipa nguvu. Hakuna kinachosuguana tena ila beringi. Umeme unaopotea kwa joto nao hupungua, jambo lenye maana kubwa pale ambapo kila wati imetoka kwenye paneli iliyolipiwa kwa mauzo ya maembe au ndengu. Kupandisha mita za ujazo 2 kwa saa kutoka kina cha mita 60 kunahitaji wati 327 za kazi halisi ya kuinua maji. Pampu na mota zikipoteza nusu ya nguvu njiani, paneli zitoe zaidi ya wati 650.  

Sasa tazama kinachonunuliwa hasa. Mota isiyo na brashi huuzwa ghali zaidi, na pampu yake siku ya kwanza haimpi mnunuzi maji matamu kuliko ya jirani. Sehemu kubwa ya bei ile ya ziada inalipia matukio yasiyotukia: mota isiyopandishwa juu mwakani, wala mwaka wa tatu, wala wa tano, kutoka kisima ambacho kuivuta pampu yake kunahitaji mafundi, kamba na siku nzima ya kazi. Mtu anayelipa fedha ngumu leo kwa ajili ya mwaka wa tano ana mwaka wa tano akilini mwake, hata kama kitenzi chake hakifiki huko. Na mazoea haya hayakuletwa na sola. Matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huyatengeneza kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, huchukua miaka kujitengeneza kuwa ngazi tambarare. Makueni ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, maafisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliiandika nchi hiyo kama ardhi inayokufa. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki uliotolewa mwaka 1994 ulionyesha kwamba katika miaka sitini idadi ya watu iliongezeka karibu mara sita huku mmomonyoko ukipungua, na matuta yakiwa sehemu kubwa ya sababu. Bwawa la mchanga ni hivyohivyo. Kikundi cha mwethya, yaani kazi ya pamoja ya Wakamba, hubeba mawe na kujenga ukuta juu ya mwamba wa mto wa msimu, kisha husubiri mvua, pengine misimu kadhaa, mpaka mchanga ujae na maji yajifiche katikati ya chembe zake, mbali na jua. Mamia ya kuta kama hizo zimejengwa Kitui tangu miaka ya 1990. Anayebeba jiwe hilo hana tukio la kuliona kesho wala keshokutwa, na bado analibeba.

Mtetezi wa Mbiti atasema kwamba matuta yaliamriwa na wakoloni, mabwawa yamegharimiwa na wafadhili, na mota huchaguliwa na mhandisi wa kaunti. Kwa hiyo kesho hiyo imekuja na gari kutoka nje. Kuna ukweli hapo. Matuta ya lazima yalichukiwa. Lakini yale yaliyodumu ni yale ambayo wakulima waliyachukua wenyewe baadaye na kuyapanua kwa mwethya bila askari, tena wakiipendelea fanya juu, iliyo ngumu zaidi kuchimba. Kitu kilicholetwa na mgeni kisha kikashikwa na mwenyeji kwa jasho lake hakiwezi kuhesabiwa kuwa cha mgeni milele.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Anayenunua mota ya brashi kwa sababu ni rahisi, je, hana kesho? Anayo, ila ni kesho ya aina nyingine. Brashi zikiisha, fundi wa sokoni anaweza kuzibadilisha kwa bisibisi na vipande vya kaboni vya bei ndogo. Mota isiyo na brashi huweza kunyamaza ghafla kwa sababu ya kidhibiti kilichopigwa na radi au joto, na ndani ya kisanduku hicho hakuna kitu ambacho mafundi wengi wa vijijini wanaweza kukigusa. Mmoja amemwamini jirani, mwingine amekiamini kiwanda kilicho ng'ambo ya bahari. Kwa kisima kirefu bado ningechagua isiyo na brashi, kwa kuwa brashi zilizo mita 60 chini ya ardhi hazimfai fundi yeyote. Kwa pampu ndogo inayokaa ukingoni mwa mto wa mchanga, ambapo mkono unafika, nisingemwita mjinga anayechagua brashi.

Hapa ndipo Mbiti anaporudi. Ikiwa wakati ni matukio, basi mota isiyo na brashi imeyaondoa machoni matukio yaliyokuwa yakiigusisha kesho na leo. Brashi inayochakaa ni kalenda. Humkumbusha mweka hazina wa kamati kwamba kuna kitu kitakachodaiwa karibuni, naye hutenga shilingi chache kutoka kila mtungi wa lita 20. Mota inayokaa kimya miaka saba haimkumbushi mtu kitu. Mchango hupungua kwa kuwa hakuna kinachoharibika, fedha iliyokuwepo hupelekwa kwenye harambee ya jambo lenye sura na tarehe, na siku kidhibiti kinapokufa akiba haipo na paneli zinabaki kuota jua bure. Mbiti alidhani alikuwa akieleza akili ya Kiafrika. Nadhani aliugusa udhaifu wa binadamu wote, kwamba jambo lisilo na tukio lililo karibu hutupotea. Benki za London na New York zilizoyumba mwaka 2008 hazikuwa na sarufi ya Kikamba, na bado hazikuiona kesho yao.

Anayesoma Mathayo 6 anaweza kuuliza kama kuweka akiba kwa ajili ya kidhibiti ambacho bado ni kizima si kuisumbukia kesho. Sidhani. Wasiwasi huijaza leo kwa hofu ya jambo lisiloweza kutendwa; kutenga shilingi ni tendo la leo, linalokwisha leo, na linamwacha mtu alale. Mbiti mwenyewe, aliyekuwa kasisi na aliyeshughulika sana na mafundisho ya siku za mwisho, aliona jinsi Wakamba waliohubiriwa kurudi kwa Kristo walivyoyavuta matumaini hayo hadi mlangoni, kana kwamba ni jambo la msimu ujao. Kamati ya maji inahitaji ufundi uleule: kuuvuta mwaka wa nane hadi kwenye mkutano wa mwezi huu, kwa kuandika bei ya kidhibiti kipya juu ya ukuta wa kioski, na chini yake, kila mwisho wa mwezi, kiasi kilichokwishapatikana.