Juu ya Kuahirisha Kazi

Huku Lituhi, karibu na mahali mto Ruhuhu uingiapo Ziwa Nyasa, twajua ya kuwa muhogo mchungu hauliwi siku ung'olewapo. Humenywa, hulowekwa siku kadhaa, huanikwa, ndipo hutwangwa. Kazi ya mkono ni ndogo. Kungoja ndiko kurefu. Basi aahirishaye kuloweka leo hawezi kulipa kesho kwa bidii maradufu, kwa maana maji hayaharakishwi wala jua halisukumwi. Watoto wa mvivu na watoto wa mwenye shughuli nyingi watalala njaa sawasawa. Kwa hiyo kila asubuhi na tujiulize: ni kazi ipi ikiisha kuanzwa itaendelea yenyewe, nasi tukifanya nyingine? Hiyo na itangulie. Wazee walisema kweli: ngoja ngoja huumiza matumbo.