Mgeni, Mwenyeji na Muhuri

Mtu abishaye hodi usiku huulizwa maswali mawili: "Nani?" na "Wataka nini?" Twayauliza kwa pumzi moja hata twadhani ni swali moja. Lakini la kwanza lachunguza jina, na la pili lachunguza tendo. Na mwenyeji atosheka­ye na moja tu kati ya hayo amekwisha chagua, ajue asijue, namna ya kuwatendea walimwengu. Tofauti hii sikuipata katika vitabu vya hekima. Niliipata katika historia ya chombo kidogo kilichokaa mifukoni mwa watu: simu iliyoendesha programu za Java.

Java ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Watungaji wake, na aliye mashuhuri kati yao ni James Gosling, hawakutaka programu iandikwe upya kwa kila aina ya kompyuta. Walibuni kompyuta ya kufikirika, isiyo na chuma wala waya. Programu ziliandikwa kwa ajili ya hiyo, na kila kompyuta ya kweli ikafundishwa kuiiga. Mwaka 1999 kompyuta hiyo ya kufikirika ilionyeshwa ikifanya kazi ndani ya Palm, kompyuta ya kiganjani, na mwaka 2000 zikatoka kanuni za kuitia katika simu. Ilipunguzwa mno umbo ili ienee: kumbukumbu ya kilobaiti 160 ilihesabiwa kuwa yatosha, na kioo cha nukta 96 kwa 54. Picha moja ya harusi ya siku hizi haingepata pa kukaa humo.

Sasa programu yaweza kutoka popote, kwa mtu yeyote. Simu itajuaje kwamba mgeni huyu hatavunja nyumba? Katika kompyuta kubwa, Java iliisoma programu nzima kabla ya kuiendesha, ikahakikisha kwamba haitanyakua mahali pasipo pake. Simu haikuwa na nguvu ya kazi hiyo. Basi mafundi waligawa mzigo. Sehemu nzito ya uthibitisho ilifanywa katika kompyuta ya mwandishi mwenyewe, na matokeo yakaandikwa ndani ya programu kama alama za njiani. Simu ilipoipokea ilizifuata alama zile moja moja, ikaona kama zapatana na programu yenyewe. Tazama busara iliyomo. Simu haikuziamini alama kwa sababu mwandishi alisema ni za kweli. Kama alisema uongo, alama zilimsuta na programu ikakataliwa. Mgeni alileta ushahidi wake, na mwenyeji, japokuwa dhaifu, aliweza kuupima. Hapana aliyeulizwa ukoo wake wala mali yake. Kijana asiyejulikana na kampuni kubwa walipita mlango mmoja. Nathubutu kuiita haki hiyo.

Lakini ushahidi wa namna ile ulikuwa na mpaka. Ulionyesha kwamba mgeni hatabomoa ukuta. Haukuonyesha kwamba hatakomba mfuko wa mwenye nyumba. Kutuma ujumbe wa simu si kosa la hesabu, ni tendo halali ambalo ubaya wake umo katika nia. Kwa hiyo kanuni mpya za mwaka 2002 zilileta swali la jina. Programu yenye muhuri wa mdhamini ajulikanaye na simu ilipewa nafasi kubwa. Isiyo na muhuri ilitakiwa kumwomba ruhusa mwenye simu kila ilipotaka kutuma ujumbe au kuingia katika intaneti.

Wateteao muhuri wana hoja, nami siwezi kuipuuza. Mwaka 2006 iligunduliwa programu ya Java iliyoitwa RedBrowser. Ilijidai kufungua kurasa za intaneti bila malipo, kumbe ilituma ujumbe wa bei kubwa kwa namba za Urusi. Simu iliuliza, "Waruhusu?" na aliyedanganywa akajibu ndiyo. Je, hiyo ni ridhaa? Mimi mwenyewe nilikuwa na programu ya kusomea kurasa ambayo simu yangu iliiulizia ruhusa tena na tena, hata kidole changu kikajifunza kujibu kabla ya jicho kusoma. Swali lililoulizwa mara mia limekwisha kufa, na jibu lake si la mtu huru.

Hata hivyo muhuri nao wasema nini? Hausemi kwamba mwandishi ni mwema. Wasema kwamba ajulikana na kwamba amelipa, na malipo yalifika mamia ya dola kwa mwaka. Tena muhuri uliopokewa katika simu moja haukujulikana katika nyingine, maana orodha ya wadhamini iliwekwa na mtengenezaji wa simu au kampuni ya mtandao. Hivyo maskini alifanywa mshukiwa pasipo kosa, na mwenye nyumba akakuta kwamba orodha ya wageni wake imeandikwa na mkono wa mtu mwingine. La pili lanisumbua kuliko la kwanza. Umaskini waweza kuisha. Mazoea ya kuamuliwa hayaishi upesi.

Yaliyofuata yajulikana. Simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007 bila Java, na mwaka 2008 ikafunguliwa duka lenye bawabu mmoja. Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Swali la "Nani?" lilishinda. Mimi ningalitaka liulizwe la pili, pale tu tendo lisipoweza kupimwa, na aulizaye awe mwenye nyumba.

Juzi niliiwasha simu yangu ya zamani nikajaribu kuitia programu mbili nilizokuwa nimezihifadhi. Ya kwanza ilikuwa na muhuri; simu iliikataa, kwa sababu miaka ya muhuri ilikuwa imepita, ingawa katika programu yenyewe haikubadilika hata herufi moja. Ya pili iliandikwa na mtu nisiyemjua, haina muhuri wowote. Simu iliniuliza kama naitaka, nami safari hii nikalisoma swali mpaka mwisho kabla ya kujibu.