Tusubiri Kiasi Gani Kabla ya Kuamini?

Mwenye shamba chini ya ndiva huku kwetu Upare aijua faida yake. Maji haba ya kijito hukusanywa usiku, na asubuhi mfereji hutiririka kwa nguvu moja. Ila kijito kikikauka huko juu, mtu wa chini huchelewa kujua.

Ndege nayo ina mfano wa ndiva. Puani ina vipimo, vibawa vidogo vinavyogeuka na upepo na kuiarifu kompyuta ndege inaukabili upepo kwa pembe gani. Upepo ukitikisika, navyo hutikisika. Kwa hiyo habari zao huchujwa kwanza. Ukichuja mno, hatari hujulikana imechelewa. Ukichuja kidogo, ndege hushtukia kila mtikisiko. Wahandisi hubishania sehemu ndogo za sekunde.

Je, subira hiyo yatosha? Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX, iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Punde kipimo cha kushoto kikasema digrii zaidi ya 74, cha kulia kama 15. Mtambo mmoja wa kompyuta ulikisikiliza cha kushoto tu, ukaisukuma pua chini tena na tena, marubani wakishindana nao. Baada ya dakika sita hivi watu wote 157 walikufa karibu na Bishoftu, Wakenya 32 miongoni mwao. Mtambo uo huo ulikuwa umehusika katika ajali ya Indonesia, Oktoba 2018, waliyokufa watu 189.

Hapo kuchuja kusingefaa kitu, kwa kuwa uongo uliotulia hupita chujioni sawasawa na kweli. Shahidi wa pili alikuwapo, hakuulizwa. Siulaumu mtambo, hauna dhamiri. Watu ndio walioamua kwamba mmoja atosha. Ndege hizo zilizuiwa duniani kote, na Marekani ikaziruhusu tena Novemba 2020, baada ya mtambo kufanywa uvilinganishe vipimo vyote viwili na kunyamaza vikihitilafiana mno.

Niliwahi kukaa katika kamati iliyopokea mashtaka juu ya mtunza ghala mmoja. Tulingoja mwezi mzima, tukajiona wenye busara. Mshtaki alirudia maneno yale yale kwa upole, nasi tukaamini. Nyumba ya mshtakiwa ilikuwa ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu saa, hakuna aliyekwenda. Magunia yalipoonekana katika ghala jingine, yeye alikwisha kuhamia Same mjini na watoto wake.