Kipuri cha Kubuni na Dhamana Yake

Mwenzetu mmoja hapa mjini ana gari ndogo aina ya Mini, ya mwaka 1966, aliyoirithi kwa baba yake. Ubavu wake mmoja ulikuwa umelala chini hata madigadi yakawa yasugua tairi, na kipuri chake hakipatikani tena. Fundi akaitia vipande viwili vya mbao ya mvule, kimoja mbele na kimoja nyuma, mahali pa vyombo vilivyokufa. Gari ikasimama sawa, fundi akalipwa ujira wake. Juma lile lile akatokea mnunuzi, na mwenzetu akatujia na suala: Je, yanilazimu kumwambia habari ya mbao, na hali gari yaenda?

Suala hili kwa dhahiri ni dogo, lakini sisi twaliona ni kubwa, kwani ndani yake mna suala jingine: kiwanda kikiacha kutengeneza kitu, na mtu akabuni badala yake, dhamana ya kitu hicho humwangukia nani?

Kabla ya kujibu, yafaa tuijue gari yenyewe. Mini ilitoka Uingereza mwaka 1959, kazi ya mhandisi Alec Issigonis, na kila gurudumu lake lilibebwa na koni ya mpira aliyoibuni Alex Moulton. Kuanzia mwaka 1964 zikatoka Mini zenye mtindo mwingine ulioitwa Hydrolastic. Katika mtindo huu kila gurudumu lina chombo chenye mpira, kimejazwa maji yenye dawa ya kuzuia kuganda na kutu, na chombo cha mbele kimeungwa kwa bomba na cha nyuma cha ubavu ule ule. Gurudumu la mbele likipanda jiwe, maji hukimbilia nyuma na kuuinua upande ule, gari ikabaki imelala sawa. Tena ndani ya chombo hicho hicho mna vali zifanyazo kazi ya shokabzoba, yaani kuizuia gari isirukeruke, na kwa hivyo gari hizo hazikufungwa shokabzoba nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mini zikawa zimerudi kwenye koni za mpira, na mwaka 2000 Mini za asili zikakoma kabisa kutengenezwa. Vyombo vile vya maji havitengenezwi tena, ama koni za mpira zingali zapatikana.

Sasa twasema: kubuni si aibu. Mji huu wetu umeishi kwa kubuni. Ni bushi ngapi zimekatwa katika tairi kuukuu, na ni vyuma vingapi vimekerezwa na mafundi wetu, gari zikaenda na watu wakala riziki yao! Anayedharau kazi hiyo hajui thamani ya akili ya fundi. Wala hatusemi kwamba kitu ni chema kwa kuwa kimetoka kiwandani, au ni kibaya kwa kuwa kimetoka chini ya mwembe.

Bali twasema hivi: kiwanda kikifungwa, dhamana haifungwi pamoja nacho. Kiwanda kilipouza kile chombo kilikuwa kimekijaribu, na jina lake limo juu yake; kikiharibika, watu wamjua wa kumwuliza. Siku kilipoacha, mzigo ule haukupotea hewani. Uliwekwa chini ukimngoja atakayeuokota, na anayeuokota ni yule atiaye mkono wake mahali pa mkono wa kiwanda.

Basi mwenye kubuni yampasa mambo matatu. La kwanza, aijue kazi yote ya kile anachokiondoa, si ile ionekanayo tu. Mbao ile ya mvule imefanya kazi moja, ya kubeba uzito. Haikufanya ya kunepa wala ya kutuliza. Gurudumu likiingia shimoni, pigo lote lapita katika viungo na fremu. Likiruka, laiacha ardhi, na gurudumu lililo hewani halina breki. Tena ubavu mmoja umekuwa mgumu kama jiwe na wa pili ungali laini, basi gari yaweza kumvuta dereva upande asioutaka.

La pili, afikiri kitu chake kitaharibika namna gani. Koni ya mpira ikichoka, gari huinama kidogo kidogo, na mwenyewe huonywa kwa macho yake. Lakini kiungo kinachoshika gurudumu kikikatika hakionyi mtu. Basi pale ambapo kuharibika ni kwa ghafula, fundi na asijaribu kwa kukisia.

La tatu, aseme. Fundi wa jahazi akikosa ubao wa msaji akatia ubao mwingine, humwonyesha nahodha ni upi, ili nahodha ajue pa kutazama bahari ikichafuka. Hajapunguza heshima yake kwa kusema, ameilinda.

Huenda mtu akasema: Mnunuzi ajua kwamba gari ni kuukuu, na anunuaye kikuukuu amekubali aibu zake. Twamjibu: amekubali uzee, hakukubali mbao asiyoiona. Na ndiyo maana sharia yetu ya biashara humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu alichouziwa kwa aibu iliyofichwa. Na mwingine atasema: Sisi ni maskini, hatuna fedha za kuagiza vitu Ulaya. Udhuru huu twaujua, wala hatuucheki. Lakini mtoto avukaye njia kwenda chuoni hakushauriwa katika umaskini huo, naye ndiye atakayeulipia. Mtu yuko huru kuvumilia taabu yake mwenyewe. Hana ruhusa ya kumtwika jirani hatari asiyoijua.

Tukamwambia mwenzetu: Yakulazimu kusema. Akasema, na mnunuzi akaenda zake. Hatuwezi kuwaficha wasomaji wetu kwamba jambo hili lilimwuma, kwani fedha zile alikuwa na haja nazo. Kisha akamwomba fundi aitoe mbao, na gari sasa imelala ubavu mbele ya nyumba yake, ikingoja koni nne za mpira, shokabzoba na mabano ya kuzishika, kama wafanyavyo wenye gari hizi wengi huko Uingereza. Hiyo nayo ni kubuni, kwani si vyombo vya asili. Lakini ni kubuni kwa mtu aliyehesabu kazi zote.

Nasi twawausia mafundi wetu jambo jepesi: mkitia kitu kisicho cha asili, kiandikeni katika risiti, kwa jina lake na mahali pake. Na nyinyi wenye gari, msimlaumu fundi awaambiaye kweli mkamkimbilia anyamazaye. Lau sote tungemlipa anyamazaye, tusistaajabu siku tukikosa wa kutuonya.